Gia Isiyo ya Unguja

Wale mliolala Jumamosi iliyopita mkidhani ni mzimu, poleni. Mzimu hautumii petroli.

Tulimwacha Khawla dirishani, ghorofa ya pili, pale Vuga, vidole vimeganda kwenye nondo. Ilikuwa siku yake ya themanini na tatu katika eda ya mumewe, Anuar, na chini barabarani lilikuwa linapita gari la Anuar. Si gari linalofanana nalo. Lenyewe. Ile Mazda ndogo nyekundu ya milango miwili, yenye paa la turubai, ambayo kila mtu alimwambia imefunguliwa vipande vipande katika gereji ya Bububu tangu wiki aliyozikwa mwenyewe.

Hakuliona, maana mbao za dirisha zilikuwa zimefungwa. Alilisikia tu, na kwa Khawla kusikia kunatosha. Injini ile ilikuwa na kikohozi chake, tiki-tiki-tiki ya vali moja iliyolegea, ambayo Anuar alikataa kuikaza miaka sita mizima. Alikuwa akisema kwamba siku atakayoikaza hatolijua tena gari lake.

Muungurumo ukafika mlangoni ukazima. Mlango wa gari ukafungwa. Halafu ikaja hodi.

Mnataka niwaambie ni nani. Nitawaambia, lakini ngojeni kwanza Khawla akae kitako.

Aliyekwenda kufungua ni Bi Mashavu, shangazi yake marehemu, mama wa miaka sabini na kitu aliyehamia nyumbani pale kumkalia mjane mpaka eda yake iishe. Alishuka ngazi thelathini na mbili akilaani moja baada ya nyingine. Akapanda tena akihema, akasema ni Usi, fundi.

Ni Usi wa Bububu, aliyelishika gari lile tangu siku liliposhuka bandarini. Kaja na neno linalotaka jibu leo hii, na haondoki bila ya jibu.

Sasa tazameni tabu yenyewe. Mwanamke yumo edani, na fundi si maharimu wake. Hawezi kupandishwa juu akakalishwa kwenye kochi akamiminiwa chai. Basi Bi Mashavu akajifanya mjumbe. Akashuka na swali, akapanda na jibu. Akashuka tena. Habari za injini akawa anazibeba kama mtu anayebeba uji kwenye sahani, zikifika juu zimebaki nusu.

Safari ya tatu alishindwa. Akamwamrisha Usi apande mpaka nje ya mlango wa ukumbi, mlango ukaachwa wazi, pazia likateremshwa, na yeye Bi Mashavu akaweka kiti chake katikati, tasbihi mkononi.

"Semezaneni," akasema. "Mungu kaziona ngazi zenyewe."

Usi akatoa salamu. Akatoa tena pole, ya tatu au ya nne tangu msiba. Khawla akapokea, kisha akamuuliza lile lililokuwa likimchoma. Gari si limefunguliwa? Imekuwaje litembee?

Usi akajibu kutoka upande wake wa pazia.

"Nlilifunga tena, Bi Khawla. Siku tatu nimelifunga. Kesho naitoa hii injini, na ikishatoka haitorudi. Nlitaka uisikie kabla sijaitoa."

Khawla akalia. Wasomaji wangu mnanijua, mimi si mtu wa kumwaga machozi ya wahusika kila wiki, lakini hapa sina la kufanya. Siku za mwanzo wanawake arubaini walijaa ukumbini pale. Wiki ya pili walikuwa kumi. Baadaye akawa anakuja mmoja, anakaa dakika tano, anatazama saa. Na ulishapita mwezi mzima hakuna aliyelitaja jina la Anuar ndani ya nyumba ile, hata Bi Mashavu, eti asimtoneshe. Kila asubuhi Khawla alikuwa akitoa vikombe viwili, kisha anakirudisha kimoja kabatini kabla bibi hajaona. Leo fundi mwenye mafuta kwenye kucha kapanda ngazi thelathini na mbili kwa kumwonea huruma, naye hakujua huruma aiweke wapi.

Bi Mashavu akakohoa. Maana yake, fupisheni.

Usi akaingia kwenye shughuli. Warithi walishakubaliana kuwa gari ni la mjane, kwa hivyo kauli ni yake. Kule gereji, chini ya turubai, kuna injini mbili na difu mbili. Marehemu aliziagiza kwa mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam anayeleta vipuri vilivyotumika kutoka Japani, na huyo ana mtindo wake: anakuletea zote uzione kwa macho, unachukua unayoitaka, nyingine inarudi. Zinazorudi zinapanda boti kesho, Alkhamisi, na atakayechagua ni Khawla.

Msishangae mwanamke kuulizwa mambo ya injini. Khawla kakulia juu ya duka la vipuri la baba yake, Darajani. Alijua pistoni kabla hajajua kukuna nazi. Anuar alipokuja kuposa, watu walisema kafuata uzuri. Anuar mwenyewe alisema kafuata masikio, maana Khawla alikuwa akikaa kando yake, akisikiliza, na kumwambia "badilisha" sekunde moja kabla injini haijaomba gia nyingine.

Kila Ijumaa baada ya alasiri walikuwa wakitoka. Kwenda Mangapwani anaendesha Khawla, kurudi anaendesha Anuar. Kiti hakikusogezwa hata siku moja, kwa sababu wote wawili warefu sawasawa, na Vuga nzima ilikuwa ikiwaita Minara Miwili.

Na Ramadhani iliyopita waligombana mwezi mzima. Kila siku baada ya futari, daftari katikati, kabla ya kwenda tarawehe. Injini ya zamani, ya ujazo wa elfu na mia sita, ilishaanza kula mafuta. Anuar alitaka nyingine ya ujazo uleule, ila yenye tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, apate nguvu za kutisha. Khawla akamwambia tabo inakuja na joto, na joto la Unguja linatosha. Tena nguvu zenyewe za tabo zinachelewa, zinafika umeshafika kwenye tuta. Gari la mtaani halitaki nguvu za juu, linataka nguvu za chini, za kuondokea. Weka ile ya elfu na mia nane, haina makeke, inavuta tangu inapoamka.

Halafu difu. Hilo ni bonge la chuma lililo baina ya magurudumu ya nyuma, na ndilo linaloamua injini izunguke mara ngapi ili gurudumu lizunguke mara moja. Difu fupi, injini inazunguka mara nne na zaidi, gari linachomoka kila ukikanyaga. Difu ndefu, mara tatu na nusu tu, gari zito kuondoka, lakini likishashika mwendo linatulia na linakwenda siku nzima bila kuchoka.

Khawla alitaka fupi. Hoja yake ilikuwa moja, na ilimchekesha Anuar mpaka akapaliwa na maji: hapa Unguja, mpaka uwahi kutia gia ya tano, bahari ishafika mbele yako.

Siku ya mkesha wa Idi Anuar alinyanyua mikono. Akasema umeshinda, mke wangu.

Basi leo, nyuma ya pazia, Khawla akauliza kwa sauti iliyokuwa bado na unyevu. Yeye mwenyewe marehemu aliandika ipi?

"Elfu na mia nane," Usi akajibu.

Khawla akacheka. Ndiyo, mjane wa siku themanini na tatu alicheka, na Bi Mashavu akamtupia jicho. Anuar kamsikiliza. Mtu yumo kaburini na bado kamsikiliza.

"Na difu fupi," akasema. Hata hakuuliza.

Usi akapapasa mfuko wake.

"Usi?"

"Naam."

"Difu fupi, si ndiyo?"

"Ndefu, Bi Khawla."

Akamwambia amekosea. Usi akasema hakukosea. Khawla akasema huenda yule wa Dar ndiye aliyekosea. Usi akasema karatasi anayo mfukoni, na akaipitisha chini ya pazia. Bi Mashavu akainama kuichukua, akaikunjua, akaitazama kwa makini kuliko mtu asiyekuwa na miwani anavyotazama karatasi, kisha akampa Khawla.

Mwandiko ulikuwa wa Anuar. Nne yake ilikuwa ileile, kama kiti kilichopinduliwa. Injini elfu na mia nane. Difu ndefu, na chini yake kapiga mstari. Tarehe ilikuwa ya Jumanne, siku tisa kabla moyo wake haujasimama usingizini.

Khawla aliikumbuka Jumanne ile. Anuar alirudi mchana, akala wali na mchuzi wa pweza, akanawa mikono. Akasema: "Nshaagiza. Kama tulivyokubaliana."

Kama tulivyokubaliana.

Mwanamke mwingine angeona ni chuma tu, mwanamume kabadili mawazo, yaishe. Lakini huyu alikuwa na masikio yale, na kichwa kile cha duka la Darajani, na kichwa kikaanza kupiga hesabu bila ya ruhusa yake. Kutoka mjini mpaka Kiwengwa kuna matuta, kuna askari wa usalama barabarani, kuna ng'ombe. Difu ndefu huku ni adhabu. Hakuna barabara ya kuilisha. Difu ile ni ya mtu anayetaka kutoka Tanga asubuhi na kula chakula cha mchana Arusha. Ni ya mtu mwenye bara mbele yake.

Na ile injini aliyoifurahia sasa hivi? Hapo ndipo palipomuuma zaidi. Tabo haiwezi safari ya saa nane nzima juani, itachemka. Elfu na mia nane inaweza. Anuar hakumsikiliza yeye hata kidogo. Aliichagua injini ile kwa sababu ndiyo inayoweza kuivuta difu ndefu, na ushindi wa mkesha wa Idi alimpa kama mtoto anavyopewa pipi anyamaze.

"Hukumuuliza?" akasema.

Usi akashusha pumzi. Alijibu polepole, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akiomba asiulizwe.

"Nlimuuliza. Nlimwambia, Anuar, hii si gia ya Unguja. Akacheka. Akanambia, Usi, nani kakwambia gari litabaki Unguja?"

Chini barabarani muuza maji ya madafu alikuwa akibishana na mgeni kuhusu chenji. Khawla alisikia neno kwa neno.

Upweke wa mjane una heshima yake. Watu wanauelewa, una idadi ya siku, una nguo zake na dua zake. Khawla alikuwa ameshauzoea. Lakini huu uliomwingia sasa haukuwa na mtu wa kumpa pole. Kama Anuar alikuwa anaondoka, basi hakuanza kuwa peke yake siku ile ya mazishi. Alikuwa peke yake Jumanne ile, mbele ya mchuzi wa pweza, na alikuwa akimchekea mtu ambaye moyoni alishavuka maji. Aliona aibu. Aliona aibu mbele ya fundi, mbele ya pazia, mbele ya daftari lililokuwa bado juu ya meza.

Usi alimhurumia. Akamshauri achukue fupi. Mwenyewe ndiye mwenye gari, ndiye atakayeliendesha, na kwa njia zetu hizi litakuwa tamu. Ile ndefu ataipandisha botini kesho asubuhi, na hakuna atakayejua kwamba iliwahi kufika.

Wasomaji, hapo pana njia mbili. Akichukua fupi, anaichana karatasi, anabaki na Ijumaa zake za Mangapwani na mume anayemjua. Anaendelea kumlilia yule. Akichukua ndefu, anakiri kwamba kulikuwa na safari, na mume aliyezikwa si yule aliyemlilia siku themanini na tatu.

Aliiweka karatasi mapajani. Mdomo wake ulikuwa karibu kusema fupi. Nawaapia ulikuwa karibu.

"Chukua hiyo fupi, mwanangu," akasema Bi Mashavu haraka. "Fupi ndiyo nzuri."

Khawla akageuka kumtazama. Bi Mashavu huyu hajui difu na sufuria ipi inapikiwa. Gari la mpwa wake alilipanda mara moja tu, akashuka analalamika kiuno. Tangu lini amekuwa na rai kuhusu gia?

Bibi akayashusha macho kwenye tasbihi na kuanza kuvuta punje mbili mbili.

Khawla akaikunja karatasi mara nne. Aliposema, sauti yake ilikuwa kavu.

"Usi. Funga ile ndefu."

"Bi Khawla, fikiri."

"Nshafikiri. Bado siku arubaini na tano eda yangu iishe. Siku ya arubaini na sita nnakaa kwenye kiti kile, na nnataka kujua gari lilikuwa linakwenda wapi. Nikilifunga gia nyingine halitonambia."

Usi hakubisha. Alisema sawa, kesho injini inatoka, fupi inapanda boti, na wiki ijayo gari litakuwa tayari. Khawla alisikia viatu vyake vikigeuka kwenye sakafu, hatua moja, mbili. Kisha vikasimama.

"Na kile kibao," Usi akasema, "nkitoe au nkiwache?"

"Kibao gani?"

"Cha kwenye klachi."

Khawla akamwambia gari lile halina kibao kwenye klachi. Ameliendesha miaka sita, anaijua klachi ile kama kiatu chake.

Usi akaeleza, na kila neno lilikuwa likimtoka kwa shida. Siku ileile ya karatasi, Jumanne, Anuar alimpa kipande cha mvule alichokipima mwenyewe, unene wa vidole vitatu, akamwambia akifunge juu ya pedali ya klachi kwa boliti mbili wakati wa kubadilisha injini, naye kakifunga siku hizi tatu. Na kiti cha dereva akamwambia akisogeze mbele mpaka mwisho wa reli. Ili mguu ufike.

Khawla akautazama mguu wake. Ulikuwa umenyooka juu ya mkeka, mrefu, umetokeza kwenye nguo yake ya eda isiyo na rangi. Mguu huu haujawahi kukosa pedali yoyote. Wala wa Anuar.

Tasbihi ya Bi Mashavu ilikuwa imenyamaza.

"Mwambie akitoe," bibi akanong'ona. Rangi ilikuwa imemtoka. "Mwambie akitoe, mwanangu, yaishe."

 Khawla akainuka, akaenda mpaka penye pazia, akasimama karibu nalo kuliko inavyofaa.

"Usikitoe," akasema. "Mwenye mguu wake atakuja kukifuata."

 Usi alipojibu, alijibu chinichini, kama mtu aliyepanda ngazi zote zile kwa ajili ya sentensi hii na akaikwepa tangu alasiri.

"Nlidhani ni chako, Bi Khawla. Wallahi nlidhani ni chako, mpaka jana aliponipigia mwenyewe simu kuuliza kama gari li tayari. Anakuja na boti ya Ijumaa."